Inaua au anaua? Jibu kwa msomaji aliyelia kompyuta ilipozimwa

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi cha wapenzi wa vitabu na filamu, watu tisa. Juzi tulitazama 2001: A Space Odyssey. Mle ndani kuna kompyuta inayoendesha chombo cha angani, inaitwa HAL, na inaua wanaanga karibu wote. Mwenzetu mmoja ambaye ni fundi umeme anasema ile ni mashine mbovu, ilipaswa kuzimwa mapema, basi. Mimi siwezi kukubali. Pale alipokuwa anaomba asizimwe nililia, wakanicheka mpaka leo. Je, waandishi wa hadithi hizi wanatuonya tuogope mashine, au wanataka tuzihurumie? Na mwenzetu mwingine anauliza, haya si mambo ya Wazungu tu?"

Marahaba, dada. Nianze na barua yako kabla ya filamu. Ulipoitaja HAL mara ya kwanza uliandika "kompyuta inayoendesha" na "inaua". Mistari michache mbele ukaandika "alipokuwa anaomba asizimwe". Umehama kutoka i- kwenda a- bila kujitambua. Mhariri aliyeipokea barua yako alitaka kukusahihisha, nikamzuia. Hapo hapo ndipo jibu lako lilipo.

Kiswahili hakikuruhusu ukae katikati. Kila kitenzi kinakudai useme: unayemtaja ni nafsi, au ni kitu? Chenye uhai tunakipa a- hata kama jina lake limevaa umbo la kikombe na kijiko, ndiyo maana kiboko amezama, kipofu amefika, kiumbe huyu analia. Na tunapotaka kumdhalilisha mtu, jambo la kwanza ni kumvua hiyo a-: jizi lile, kijitu kile. Tazama pia neno "maiti". Wengine husema maiti huyu, wengine maiti hii, na walimu wa sarufi hawajaacha kubishana. Aliyewahi kukaa kando ya mtu aliyekata roho saa moja iliyopita anajua kwa nini ubishi huo hauishi.

Sasa, mhusika kama HAL amewekwa makusudi juu ya mpaka huo. Mwandishi mzuri wa bunilizi za kisayansi hana haja ya kukuonya kuhusu mashine, wala hakuombi uihurumie. Anaiweka pale, kisha anakuangalia unavyohangaika na viambishi vyako. Na mara nyingi, wakati macho yako yote yako kwa mashine inayopanda kuwa mtu, pembeni kuna mtu anayeshushwa kuwa kitu. Mimi huwa namtafuta huyo wa pembeni.

Irudieni filamu yenu muone. Imetoka mwaka 1968, imeongozwa na Stanley Kubrick, naye aliiandika pamoja na Arthur C. Clarke. Kabla ya kufika kwenye kilio chako kuna tukio ambalo naamini hakuna aliyelia, hata wewe. Ndani ya chombo kuna wanaanga watatu waliolazwa usingizi mzito kwa ajili ya safari, kila mmoja ndani ya sanduku lake. HAL anakata mitambo inayowaweka hai. Tunaonyeshwa nini? Hakuna sura ya mtu anayekata roho. Tunaona skrini. Mistari ya mapigo ya moyo inalegea, inanyooka, kisha maandishi yanawaka kutangaza kwamba shughuli za uhai zimekoma. Watu watatu wamekufa na hatukusikia hata kikohozi. Wamekufa kama taa za gari.

Halafu inakuja zamu ya HAL, na hapo Kubrick hana haraka. Mwanaanga aliyebaki, Dave Bowman, anaingia ndani ya chumba chekundu chenye kumbukumbu za kompyuta, anaanza kulegeza vipande mfano wa vibao vya kioo, kimoja baada ya kingine. Tunasikia pumzi zake nzito ndani ya kofia. HAL anazungumza muda wote. Anakiri kwamba hakuwa sawa, anaahidi kwamba sasa yu heri. Anasema anaogopa. Anasema akili yake inamtoka na kwamba anaihisi ikitoka. Sauti inazidi kuwa nzito na ya polepole, kisha anarudi utotoni: anajitambulisha kama siku ya kwanza ya masomo na kutaja wimbo aliofundishwa. Bowman, ambaye hajatamka neno tangu aingie, anafungua kinywa mara moja tu: anamwambia aimbe, angependa kuusikia. Jamani! Huyu ni mtu ambaye mwenzake ameuawa, yeye mwenyewe amenusurika kwa kujirusha bila kofia kupitia mlango wa dharura, na bado anazungumza kama anayemshika mgonjwa mkono.

Wimbo wenyewe ni "Daisy Bell". Haukuokotwa tu. Mwaka 1961, katika maabara za Bell nchini Marekani, kompyuta ya IBM iliimbishwa wimbo huo, na Clarke alikwenda akausikia. Kwa hiyo HAL anapokufa anaimba wimbo wa utotoni wa kompyuta halisi.

Mwambie fundi wenu kwamba ana haki nusu. Ni kweli kuna hitilafu, lakini haikuanzia kwenye waya. HAL alijengwa atoe taarifa sahihi bila kupotosha. Kisha wakubwa wa safari wakampa siri: sababu halisi ya kwenda Jupiter anaijua yeye, na wanaanga wawili wanaokula na kucheza naye sataranji hawatakiwi kuijua. Filamu inaligusa jambo hili kwa ujumbe uliorekodiwa ambao Bowman anausikia baada tu ya HAL kuzimwa. Kitabu cha Clarke kinalieleza waziwazi. Kompyuta iliyofundishwa kutosema uongo imeamriwa iishi ndani ya uongo. Walioamuru wako duniani, ofisini, na hakuna anayewauliza. Ukitafuta muuaji katika filamu ile, usiishie kwenye lile jicho jekundu la HAL.

Tabia hii ya mwenye kuunda kujitoa mapema kabla lawama hazijafika ni ya zamani kuliko kompyuta. Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18, karibu na Geneva, katika kiangazi kilichokosa jua kwa sababu ya majivu ya mlima Tambora uliolipuka mwaka mmoja kabla huko Indonesia. Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina lake. Watu wengi huamini kwamba Frankenstein ni jina la lile jitu. Hapana, ni jina la aliyeliumba, Victor Frankenstein. Muumbwa hana jina hadi ukurasa wa mwisho. Usiku ule ule alipofumbua macho, Victor alikimbia. Kijana anasoma miaka, anafukua makaburi, anahangaika usiku na mchana ili atie uhai, na uhai ukiingia anatoka mbio kwa kuwa sura haikumpendeza. Kwetu mtoto aliyekosa jina la baba bado ana wajomba na bibi wa kumwita. Huyu hana hata mmoja.

Kuna sehemu moja katika kitabu kile ningependa kikundi chenu muisome kwa sauti. Muumbwa amejificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, anawachungulia kupitia ufa mdogo. Ndivyo anavyojifunza lugha, kwa kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Usiku anawakatia kuni na kuwawekea mlangoni bila kuonekana. Katika nyumba hiyo kuna mzee kipofu. Siku moja wengine wakiwa wametoka, muumbwa anajipa moyo na kupiga hodi. Mzee anamkaribisha, anampa kiti karibu na moto, wanazungumza. Kwa dakika chache hizo tu, katika kitabu kizima, kuna mtu anayemzungumzia kwa a- bila kusita, na ni yule asiyeona. Kisha watoto wanarudi, kijana wa nyumba anamvuta kutoka magotini pa mzee na kumtwanga kwa fimbo. Anao uwezo wa kumrarua kijana yule vipande viwili, anasema mwenyewe. Hakumgusa. Mauaji yanakuja baadaye, na Shelley hayafichi wala hayatetei. Lakini umeshaona yalipopandwa.

Hebu sasa tuje kwenye neno lenyewe, roboti, maana hapa Kiswahili kina utajiri ambao sijaona ukitumiwa vya kutosha.

Neno hilo liliingia duniani kupitia tamthilia R.U.R. ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuoneshwa Prague mwaka uliofuata. Čapek alitaka kuwaita wafanyakazi wake wa kutengenezwa kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kazi, akaona limekaa kisomi mno. Ndugu yake Josef, mchoraji, akampendekezea neno lililotoka kwenye "robota". Robota haikuwa kazi yoyote tu. Ilikuwa kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo, siku kadhaa kila wiki, na katika milki ya Austria ilifutwa mwaka 1848. Wazee wa wazee wa watazamaji wa Čapek waliikumbuka migongoni mwao.

Sasa sikiliza lugha yako. Mtumwa ni nani? Ni yule anayetumwa. Kutoka shina hilo hilo la "tuma" tuna mtumishi, tuna kutumia, na siku hizi kila programu ya simu inakuita mtumiaji. Mtumwa na mtumiaji ni ndugu wa tumbo moja, tofauti yao ni nani anashika upande upi wa kitenzi. Čapek alihitaji kaka mchoraji ili alipate neno lenye kumbukumbu ya shuruti. Sisi tunalo midomoni kila siku, na pwani yetu inajua lilikopita.

Roboti wa Čapek, kwanza, si mabati. Wanatengenezwa kwa unga laini unaofanana na nyama, uliokandwa katika mapipa makubwa kiwandani kisiwani, na kwa macho huwatofautishi na watu. Kuna mazungumzo mafupi mwanzoni ambayo nikiyasoma huwa naweka kitabu chini. Daktari wa kiwanda anaeleza kwamba wanafanya majaribio ya kuwapa roboti hisia za maumivu. Mgeni anauliza kwa nini. Sababu ni ya kibiashara: roboti asiyehisi maumivu huingiza mkono ndani ya mashine, hukatika kidole, hupasuka kichwa, na hiyo ni hasara. Maumivu yanatolewa ili kulinda mali! Hakuna hotuba, hakuna muziki wa huzuni, ni mtaalamu anaeleza utaratibu wa kazi. Mwisho roboti wanaasi na kumaliza wanadamu, isipokuwa mmoja, mjenzi Alquist. Wanamwacha kwa kuwa anafanya kazi kwa mikono kama wao. Katika mpaka wa Čapek, mikono yenye sugu ndiyo pasipoti.

Baada ya hapo waliokuja waliandika maasi ya roboti mpaka yakachosha. Isaac Asimov alichoka kabisa, na mwaka 1942 akachapisha zile sheria zake tatu: roboti asimdhuru mwanadamu, amtii mwanadamu, ajilinde mwenyewe, ilimradi havunji hizo mbili. Wahandisi huzitaja kwa furaha. Zisome tena polepole ukiwa na neno "mtumwa" kichwani, uone zinafanana na kanuni za nyumba ya nani. Asimov mwenyewe alikuwa mjanja wa kutosha kutunga hadithi nyingi ambamo sheria hizo zinajikwaa zenyewe. Nampita haraka kwa sababu roboti zake wananivutia kama mafumbo ya hesabu zaidi ya nafsi. (Ona, nimeandika "zake wananivutia". Na mimi nimeteleza. Naliacha lilivyo.)

Kuhusu mwenzenu anayeuliza kama haya ni ya Wazungu: mpe Walenisi ya Katama Mkangi. Riwaya ya Kiswahili, ya mwaka 1995, na mwandishi wake alikuwa mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa katika miaka ya 1980. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, na chombo cha angani ndicho kitanzi: anafungiwa ndani arushwe akafie huko. Yeye anajifunza kukiendesha. Anatua kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa, na jina la sayari hiyo ukilikata vipande linasema: wale ni sisi. Mkangi hakushughulika na roboti hata kidogo. Kwake teknolojia ni chombo cha serikali cha kumtupa mtu, na swali lake ni nani anashika usukani. Hilo swali mfungwa wa kisiasa halisomi kwenye vitabu vya Prague.

Tena kuna Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, dakika ishirini hivi. Nadhani itawafaa kuliko 2001, ambayo ina sehemu ndefu za kusinzia, tuseme kweli. Vita vya maji vimepita miaka 35, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, nje hakuna mti. Jasho na mkojo vinachujwa kuwa maji ya kunywa. Umeme unatoka wapi? Kutoka kwa watu. Wamepanda mashine za mazoezi, wanakanyaga na kuvuta, taa zinawaka. Hakuna roboti aliyeasi, hakuna jicho jekundu. Mwanadamu mwenyewe ndiye jenereta. Ndoto nazo zimepigwa marufuku: mhusika mkuu, Asha, akiota, mtambo unagundua na kumtaka ameze dawa ya kuzima ndoto. Asha ni mtunza makumbusho, anapata udongo wenye dalili ya unyevu, anatoroka nao na mbegu. Tazameni hasa wafagiaji na wakanyaga mashine walioko nyuma yake. Hawana majina. Wamo kwenye picha kwa i-.

Ukiona hilo, mbele yako sasa kuna kitu ambacho si bunilizi tena. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alionesha Vienna mashine inayocheza sataranji, sanamu ya Mturuki ameketi nyuma ya kabati lenye magurudumu ya meno. Ulaya ilistaajabu kwa miongo. Ndani ya kabati alikuwa amejikunja mtu, mchezaji hodari. Na mwaka 2023 vyombo vya habari viliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji, kuyatia alama, ili programu ya kuzungumza ijifunze kutoyatamka. Baadhi yao walieleza kwamba waliyoyasoma hayakuwatoka kichwani. Watumiaji tulio wengi tunaiuliza programu ile maswali, inajibu kwa adabu, tunasema "ananijibu vizuri sana". A- tumempa nani hapo? Aliyejikunja ndani ya kabati hatumtaji kabisa, si kwa a- wala kwa i-.

Kwa hiyo, dada, machozi yako hayakuwa ujinga, na waliokucheka nao hawakukosea kuona mashine. Ningekuuliza jambo moja tu, si kwa kukulaumu: uliwalilia wale watatu wa kwenye masanduku? Mimi sikuwalilia. Niliitazama filamu ile mara tatu kabla sijagundua kwamba hata majina yao sikuyashika, ingawa yametajwa.

Mkikutana tena, fanyeni hivi. Wewe na fundi umeme kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili wa tukio la chumba chekundu, bila kuonyeshana. Fundi aandike kwa a- kutoka mwanzo hadi mwisho, na wewe uandike kwa i-, "ikaomba isizimwe, ikaimba". Kisha wote wawili mwandike kifo cha wale watatu, kwa kiambishi mtakachokiona kinafaa. Someni kwa zamu mbele ya wenzenu saba, na anayesikiliza agonge meza kila msomaji anapoteleza. Niandikieni mligonga mara ngapi, na kwenye sentensi zipi.